Sura ya Saba: Mgao wa Mwanatatu

Chumba cha seva ndicho kilichokuwa chumba chenye baridi kuliko vyote katika depo nzima ya makontena pale Changamwe, na kwa sababu hiyo kila mtu alikuwa na shughuli ndani yake. Mafundi wa kreni waliweka humo chupa zao za maji. Mwinyihaji, mtunzaji wa mashine, alitundika humo koti lake la kuendea harusini, kwani kwake Mjambere paa lilivuja. Hata paka wa jikoni alijua kuvizia mlango ukifunguliwa. Seva yenyewe ilisimama kati ya chumba, sanduku la rangi ya chai ya maziwa, ikinguruma polepole, na nyuma yake zilitoka nyaya kama mikia mingi ya mnyama mmoja, zikapanda ukutani, zikapotelea darini.

Kadzo Ruwa alizitazama nyaya zile kabla ya kumtazama mtu. Ndiyo iliyokuwa ada yake. Kabla hajawa mpelelezi wa kampuni ya bima alikuwa fundi wa nyaya za simu, na mpaka leo mkoba wake ulibeba bisibisi, tochi na kipande cha chaki, pale ambapo wanawake wengine huweka wanja.

"Karibu, Bi Kadzo," alisema Mwinyihaji. "Mashine ndiyo hiyo. Kampuni yenu ilipiga simu ikasema isizimwe mpaka uje, na haijazimwa. Lakini ingekuwa shauri langu, ningeizima nikaiwasha, mambo yakaisha."

"Mambo gani yaishe?"

"Hii kelele ya mgao."

Mlango ukafunguliwa, joto likaingia pamoja na Bwana Ishaka, meneja wa depo. Ilikuwa Ijumaa, na kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake.

"Dada, habari ya safari? Nitakwambia kwa ufupi. Kontena la dawa za hospitali limetoka kwenye uwanja wangu na halikufika lilikokwenda. Ndani ya seva hakuna hata mstari unaosema ni lori gani lililolibeba. Karani wa geti siku ile ni Mwanatatu, na muhuri wa kutokea ni wake. Leo nikitoka msikitini mashine itazimwa, kazi zirudi kama kawaida, na Mwanatatu nitakwenda naye kituo cha polisi. Nimeshamwambia."

"Yeye asemaje?"

"Asema ati seva ilimkatalia kuandika. Ati mgao wake ulikuwa umejaa. Tumeutazama, mtupu! Mwinyihaji, si mtupu?"

"Karibu mtupu, bwana."

"Basi. Una nafasi mpaka swala iishe." Akaondoka, na harufu ya udi ikabaki ikishindana na baridi.

Jambo la mgao lilikuwa hivi. Depo nzima ilitumia diski moja: geti, usafiri, ghala, uhasibu, wote humo humo. Ili asitokee mmoja akaila diski yote na wenziwe wakakosa, Mwinyihaji alimkatia kila karani sehemu yake. Ukijaza sehemu yako, seva haikupokei tena, hata neno moja, mpaka ufute vya zamani. Na tangu mashine ije, vitabu vikubwa vya getini vilikuwa vimeondolewa, watu wakashukuru kwa kupunguziwa uzito. Kilichokataliwa na seva hakikubaki popote duniani.

Kadzo akavuta kiti.

"Tupime kwa njia mbili," alisema. "Kwanza hesabu vitu vya Mwanatatu vinavyoonekana, kimoja kimoja."

Mwinyihaji akabonyeza. Orodha ilikuwa fupi. "Hata robo ya mgao haifiki."

"Sasa muulize mpimaji wa mgao mwenyewe, yule wa ndani ya seva."

Mwinyihaji akabonyeza tena, akakuna kidevu. "Asema umejaa. Pomoni."

"Andika faili ndogo kwa jina lake. Herufi moja tu."

Seva ikalia ti! ikakataa.

"Kwa hivyo Mwanatatu hakusema uongo," alisema Kadzo.

"Mpimaji ameharibika, dada. Mashine isiyolala hufika mahali ikachanganyikiwa. Ukizima ukawasha, anapona. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Na kabla ya Idi. Mtu analalamika mgao umejaa, nazima, nawasha, mgao mweupe."

"Mtu huyo ni nani?"

"Ni Mwanatatu."

"Kila mara ni yeye?"

Mkono wa Mwinyihaji uliokuwa ukikuna kidevu ukasimama. "Kila mara, wallahi. Ingawa si yeye aliyekuja kuniomba nizime. Kina mama wa ofisini ndio waliomwonea huruma."

"Na mwezi uliopita, siku hizo hizo, uwanjani kulipotea nini?"

"Matairi," alisema Mwinyihaji, sauti imeshuka. "Kontena la matairi. Lakini lile tulisema limekosewa bandarini."

Kadzo aliivuta kibodi kwake.

Faili huandikwa jina la aliyeiumba, hata ikiwekwa chumbani kwa mwingine, na uzito wake huhesabiwa juu ya mwenye jina. Kwa hivyo Kadzo akaiamrisha seva ipite diski nzima, kila chumba na kila pembe, imletee chochote chenye jina la Mwanatatu. Seva ikanguruma. Kwenye ofisi kubwa makarani wakaanza kulalamika kuwa vioo vyao, skrini za mezani, vimekuwa vizito. Asubuhi ya Ijumaa kila mtu alikuwa akikimbizana na malori kabla ya swala. Hatimaye jibu likaja. Kulikuwa na faili moja tu ya Mwanatatu nje ya chumba chake. Ilikuwa ndani ya sehemu ya Katana, mkuu wa usafiri.

Mwinyihaji akainama kusoma. "Vikombe viwili vya unga wa mchele, tui zito, hamira, iliki ya kusaga." Akanyanyua kichwa. "Huu ni mkate wa sinia."

"Hauwezi kujaza mgao," alisema Kadzo. "Tumbo labda."

Akakunja mikono. Kisha akauliza, "Mwinyihaji, mgeni akifutwa jina kwenye daftari la gesti, naye bado amelala kitandani, chumba kitakuwa wazi?"

"Kitakuwaje wazi na mtu yumo?"

"Na faili ni vivyo hivyo. Ukiifuta wakati kuna kazi inayoendelea ndani ya mashine iliyoishika, jina hutoka, lakini mwili hubaki. Ukihesabu kwa majina huioni. Mpimaji wa mgao anaiona, maana yeye hapimi majina, anapima nafasi. Na ukiizima mashine?"

"Kazi zote hufa. Mwili unaondoka."

"Na mgao mweupe."

"Kwa hivyo mimi kila nilipozima..." Aliitazama swichi kubwa nyekundu ya ukutani kama aliyeona nyoka amejikunja pale.

Kadzo akaiuliza seva kazi zote zilizokuwa zikiendelea. Zilikuja nyingi, zikafuatana kama foleni ya malori ya barabara ya kiwanda cha mafuta. Akazipitia kwa kidole, jina kwa jina, bila haraka. Karibu na mwisho kidole kikatua. Kazi moja, mwenyewe Mwanatatu, ilianzishwa Jumanne, saa zile zile ambazo kontena lilitoka. Haikuandika kitu, haikusoma kitu. Ililala tu, imekumbatia faili isiyo jina, kubwa kiasi cha kujaza mgao mpaka mdomoni.

"Imeanzishwa kutoka kioo gani?" aliuliza Mwinyihaji.

"Saba."

Mezani kwa makarani hakukuwa na kompyuta zenyewe, bali vioo na kibodi tu, kila kimoja na waya wake mpaka kwenye seva. Mwinyihaji akaenda nyuma ya sanduku, akamulika tundu la saba. Juu yake palibandikwa karatasi kwa gundi: KATANA, USAFIRI.

"Mwenye mkate wa sinia," alisema.

---

Katana aliwakuta, au tuseme wao walimkuta, akifokea simu. Alikuwa Mgiriama mrefu mwenye kalamu sikioni, na alipomwona Kadzo akaweka simu chini.

"Dada wa kwetu! Wa Kaloleni wewe, nasikia."

"Wa Kaloleni. Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Ala! Hata maji hujanywa?"

"Ulikuwa wapi?"

"Mazeras, chini ya lori. Sanduku la gia lilipasuka. Muulize meneja, alinitukana kwa simu ya duka mpaka mwenye duka akaona haya."

"Na faili ya Mwanatatu iko kwako kwa nini?"

"Faili?" Katana akacheka mpaka kalamu ikaanguka. "Mkate wa sinia! Mke wangu aliuonja siku ya Idi, akaniambia nisirudi nyumbani bila kujua unavyopikwa. Sasa huo nao ni wizi?"

Kadzo hakucheka, lakini hakukasirika pia. Alizunguka meza, akaandika amri fupi kwenye kibodi ya Katana, ile inayoiuliza seva hiki ni kioo cha ngapi. Jibu likatoka: nne.

"Wewe si saba?"

"Mimi kioo changu hakina nambari, kina vumbi. Lakini subiri. Baada ya Idi, kiyoyozi kilipowekwa hapa ofisini, meza zote zilihamishwa. Huyu analia kifua, yule mifupa, kila mmoja alitaka kukaa anapotaka yeye. Nyaya zikavutwa huku na huku, plagi ikasukumwa ilipoingia. Karatasi za mwenzangu huyu," akamwonyesha Mwinyihaji kwa kidevu, "ni za kabla ya hapo."

Mwinyihaji akatazama viatu vyake.

"Basi saba yaweza kuwa meza yoyote," alisema Kadzo.

---

Mwanatatu alikuwa kwenye kijumba cha getini, nyuma ya dirisha la wavu, buibui lake limekunjwa vizuri kwenye mgongo wa kiti. Alikuwa msichana wa mtaa wa Shika Adabu, ameolewa mwaka wa juzi. Macho yalikuwa yamevimba, lakini alisimama na kumsalimia mgeni kama inavyopasa, akamfutia kiti kwa leso.

"Nieleze ya Jumanne," alisema Kadzo.

"Malori yalikuwa mengi, dada. Utingo aleta karatasi hapa dirishani, mimi naandika kwenye kioo, nagonga muhuri, lori latoka. Mara kioo kikaniambia mgao umejaa. Nikafuta barua zangu, kikakataa. Nikafuta tena, kikakataa. Huko nje honi! Foleni imefika barabarani, madereva wanatukana. Nikagonga mihuri nikasema nitaandika baadaye. Wengine wote wamerudi, nimewajua. Lori moja halikurudi."

"Dereva wake hukumwona?"

"Hakushuka. Utingo alikuwa mgeni."

"Kuna kazi iliyoanzishwa kwa jina lako siku ile, mbali na hapa. Aliyeifanya aliingia kwa neno lako la siri. Nani mwingine analijua?"

"Hakuna mtu."

"Mumeo?"

"Mume wangu!" Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Huyo hata jina la shangazi yake hulisahau."

"Uliliandika mahali?"

"Sina haja ya kuliandika. Si neno la kusahaulika." Akatazama chini. "Ni neno la kike, dada. La ndani. Usinitake nilitaje."

Kadzo alikuwa na swali jingine ulimini, lakini pazia likasukumwa, akaingia mama wa makamo, mnene kiasi, asumini kichwani, mkononi sinia la chai na mahamri. Mwanatatu akasimama kabla hajaitwa.

"Ndoo mwanangu, kunwa chai. Tangu jana hujatia kitu mdomoni."

"Abee, Somo."

"Shikamoo, mama," alisema Kadzo.

"Marahaba. Wewe ndiye wa bima? Kunwa nawe." Akamimina vikombe viwili. Alikuwa Bi Mwanasaumu, karani mkongwe kuliko wote pale, wa kwanza kupelekwa kusomea mashine zilipoletwa. Mwanatatu akamweleza mgeni kwa fahari, machozi na yote: Bi Mwanasaumu ndiye somo wake. Alipokuwa mwari, ametiwa ndani kungoja harusi, ni yeye aliyekaa naye kwenye chumba kile cha giza, akimsugua liwa, akimfunza mambo ambayo binti hamuulizi hata mamake. Na harusi ilipopita, ni yeye aliyemwombea kazi hapa, akamshika vidole akamwekea kwenye kibodi.

"Huyu nimemtoa ndani mwenyewe," alisema Bi Mwanasaumu, akimpangusa Mwanatatu shavu. "Mato yake yalikuwa hayajui jua. Mwambieni Mwinyihaji aizime mashine hiyo, imemwandama mwanangu."

"Meneja amesema itazimwa baada ya swala."

"Ni mimi niliyemwomba. Alhamdulillahi kanisikia."

Kadzo akanywa chai yake mpaka mwisho. Ilikuwa chai nzuri, yenye tangawizi. Bi Mwanasaumu alipotoka na sinia, Kadzo akafunga mlango.

"Mwanatatu, sasa hivi badilisha neno lako. Chagua ambalo hujawahi kulisikia kwa mtu wala kuitwa nalo na mtu. Usimwambie yeyote."

"Hata Somo?"

"Hata yeye."

Mwanatatu akataka kusema kitu, akaacha. Kadzo akageuka ukutani. Kibodi ikalia taratibu, ikanyamaza, ikalia tena.

Kutoka hapo wakapita ofisi kubwa wote wawili, na Kadzo akamwita Mwinyihaji kwa sauti iliyofika mpaka uani kwa makuli.

"Mashine haizimwi tena! Nimepiga simu. Mtaalamu anatoka mjini, meneja akirudi msikitini atamkuta hapa. Kazi iliyojaza mgao bado imo ndani ya seva, na yeye ana dawa ya kuitoa na jina la aliyeiweka. Mimi nakwenda kula."

Hakukuwa na mtaalamu, wala simu, wala chakula. Kadzo alizunguka kwa mlango wa nyuma, akaingia chumba cha seva, akamkalisha Mwanatatu kwenye kiti kando ya kioo kikuu.

"Aliyeiweka kazi ile hawezi kuitoa bila kuingia tena kwa jina la Mwanatatu," alimwambia Mwinyihaji. "Siku nyingine alikuwa na wewe wa kumzimia. Leo hana."

Adhana ikasikika kutoka msikiti wa karibu na reli. Viatu vya wanaume vikapita ukumbini, vikaisha. Ofisi ikatulia, ikabaki kelele ya kiyoyozi na kicheko cha Katana mbali kwenye simu. Mwanatatu alikuwa ameweka mikono mapajani, viganja juu.

Kwenye kioo kikuu mstari ukajiandika: Mwanatatu anataka kuingia. Kioo nambari saba. Neno si sahihi.

Mwinyihaji akainama karibu na kioo.

Mstari mwingine. Mwanatatu, saba, neno si sahihi. Halafu mwingine, polepole zaidi, kama mtu aliyechagua kila herufi kwa kidole kimoja ili asikosee. Neno si sahihi.

"Mimi niko hapa," alisema Mwanatatu. "Nani huyo anayejiita mimi?"

Kadzo alikuwa ameshaushika waya wa tundu la saba, akautia alama ya chaki. "Mwinyihaji, kaa hapo. Nikiuchomoa mwisho wake, piga kelele."

Alipanda kiti, akasukuma ubao wa dari, akatia kichwa na tochi kwenye vumbi. Waya uliruka boriti, ukapita juu ya ukumbi. Akashuka, akasogeza kiti mbele, akapanda tena. Mwanatatu alimfuata nyuma akishika miguu ya kiti, kazi ambayo hakuna aliyemwambia aifanye. Waya ukaipita meza ya Katana. Ukayapita makabati ya uhasibu. Ukashuka kwenye pembe, karibu na dirisha lisilopigwa na kiyoyozi, penye pazia la kanga ambapo wanawake husalia.

Kiti kikatikisika. Mwanatatu alikuwa amekiachilia.

"Hapana, dada," alisema. "Umekosea waya. Rudi darini uangalie vizuri. Hapo pana mtu mwenye mifupa mibovu, ndiyo maana alihamia hapo. Rudi uangalie."

"Nimeangalia."

"Angalia tena!"

Kadzo akavuta pazia. Bi Mwanasaumu alikuwa amekaa mbele ya kioo chake, kikombe cha asumini kando, kidole cha shahada kikiwa bado juu ya kibodi. Hakushtuka wala hakusimama. Kadzo akainama chini ya meza, akaushika waya, akauchomoa.

"Saba imekufa!" sauti ya Mwinyihaji ikaja kutoka mwisho wa ukumbi.

"Kufa gani?" alisema Bi Mwanasaumu. "Mbona mnachomoa vitu vya watu? Nilikuwa namsaidia mwanangu, nimtolee hiyo kazi inayomsumbua."

"Kwa jina lake?" aliuliza Kadzo.

"Kwa nani basi?"

"Na neno la siri ulilijuaje, mama?"

Aliyemjibia alikuwa Mwanatatu.

"Ni jina alilonipa yeye." Alikuwa akimwambia Kadzo, lakini macho yalikuwa kwa Somo. "Kule ndani, nilipokuwa mwari. Tulikuwa wawili. Akaniambia nisimtajie mtu, hata mume, kwamba hilo ni langu na lake. Uliponiuliza kama kuna mtu anayelijua, dada, sikukudanganya. Sikumhesabu yeye kuwa mtu."

"Mwanatatu..." alianza Bi Mwanasaumu.

"Siku ya kwanza ya kazi nilikuuliza niandike neno gani, Somo. Ukanambia andika lile, hakuna atakayelipata. Nikakushukuru."

Kiyoyozi kikazima chenyewe kwa tikitiki, kikawaka tena. Mwinyihaji alikuwa amefika na kusimama nyuma, Katana nyuma yake na simu ya watu ikining'inia mezani.

"Kila mara, katika kina mama wote, ulikuja wewe kuniomba nizime," alisema Mwinyihaji. "Wewe na chai yako. Na mimi ndiye niliyekufunza kufuta faili na kuziacha kazi zimelala, bila kujua zikikutana huzaa nini. Ulisema unapenda kujua."

"Lori la Jumanne lilikuwa la nani?" aliuliza Kadzo.

Bi Mwanasaumu akatoa ua moja la asumini kwenye kikombe, akalisokota. "La Mbwana."

Mwanatatu akamjua. Wote walimjua Mbwana, mwana wa pekee wa Bi Mwanasaumu.

"Ndiyo maana hakushuka," alisema Mwanatatu. "Ningemsalimia."

"Kontena li wapi?"

"Miritini, kwa rafiki yake. Halijafunguliwa. Mbwana wangu aliingia mikononi mwa watu wabaya, dada, watu wasioambiwa hapana. Ungefanyaje wewe? Nimemzaa yule."

"Na mimi?" aliuliza Mwanatatu.

"Wewe hungefungwa. Ishaka ana maneno tu. Ungefukuzwa, basi, ungekaa nyumbani kwa mumeo kama wanawake wengine. Mbwana wangeniulia."

"Leo angelala rumande," alisema Kadzo. "Baada ya swala. Na wewe ndiye uliyeomba mashine izimwe saa hiyo hiyo, ili asiwe na hata neno moja la kujitetea."

"Nilimpelekea chai," alisema Bi Mwanasaumu, kama kwamba hilo lilikuwa jibu, na labda kwake lilikuwa.

Mwanatatu akatazama pembeni, mahali pasipokuwa na kitu.

---

Bwana Ishaka alirudi kanzu yake ikiwa imekunjika magotini. Kadzo alimwonyesha kazi iliyolala, kioo kilichoianzisha, mistari ya kuingia iliyokataliwa, na waya wenye chaki. Alimwonyesha kwa utaratibu, hatua baada ya hatua, na kila meneja alipotaka kuruka, Kadzo alimrudisha. Mwinyihaji akatoa nakala za yote. Meneja alisikiliza, akavua kofia, akaivaa.

"Astaghfirullah," alisema. "Na mimi nilitaka kuizima kwa mkono wangu."

Gari la polisi lilipokwenda kumfuata Mbwana Miritini, Ishaka alikwenda mpaka kijumba cha getini. Alisimama nje ya dirisha la wavu kama utingo, akasema, "Basi, Mwanatatu, mambo yamejulikana. Endelea na kazi."

"Inshallah," alisema Mwanatatu. Zaidi ya hapo hakumpa.

Kadzo alikuwa naye ndani. Nakala zilikuwa zimekwisha kutiwa saini, na kazi ile haikuhitajika tena.

"Itoe wewe mwenyewe," alimwambia.

Mwanatatu akaingia kwa neno lake jipya. Akaandika amri kama alivyoelekezwa. Hakukuwa na kishindo wala mwanga. Nambari ya mgao ilishuka tu, kwa mpigo mmoja, na nafasi yake ikawa yake. Nje lori la kwanza la mchana likasogea, utingo akapitisha karatasi chini ya wavu.

Mlango wa ofisi kubwa ukafunguliwa. Askari wa kike alitoka na Bi Mwanasaumu, amejitanda buibui vizuri, asumini bado kichwani. Njia ya kwenda nje ilipita mbele ya kijumba. Alipofika usawa wa dirisha akasimama, na askari akamwachia kidogo kwa ajili ya umri wake.

Akamwita. Hakumwita Mwanatatu. Alimwita kwa lile jina la ndani, kwa sauti yake yote, mbele ya Ishaka na Katana na Mwinyihaji na madereva waliokuwa wamesimama juani. Wanaume wakageuka kutazama ni nani anayeitwa hivyo.

Kadzo alimwona Mwanatatu akinyanyuka nusu kwenye kiti. Midomo ilikwisha kujipanga yenyewe kuitikia abee, kama ilivyoitikia kila siku tangu kile chumba cha giza. Vidole vikabaki hewani.

Kisha akakaa. Akaivuta karatasi ya utingo, akasoma nambari ya lori, akaiandika herufi kwa herufi bila kunyanyua uso. Jina likaitwa tena, mara hii kwa chini. Mwanatatu akabonyeza. Seva ikapokea. Akagonga muhuri.

"Lori linalofuata," alisema.